Nimeacha ugali mara tatu, na kilo zimerudi mara tatu: nianzie wapi?

SWALI: Dada, habari za kazi. Mimi ni mama wa miaka 44, kwetu Tanga ila naishi Dar es Salaam, nafanya uhasibu. Nyumbani tuko watano: mimi, mume wangu na watoto watatu wa sekondari. Mwezi uliopita nilipimwa nikakutwa na presha 146/92, sukari kabla ya kula 6.4, kilo 84 na urefu wa sentimita 160. Ndani ya miaka miwili nimeacha ugali na wali mara tatu. Kila mara napungua kilo tano au sita, kisha zinarudi na nyongeza. Nikifuata ninayoyasoma mtandaoni (chia, unga wa lozi, mafuta ya zeituni, maji ya ndimu na tangawizi asubuhi) mshahara hautoshi, na nikijipikia sufuria yangu peke yangu nyumba nzima inanuna. Nianzie wapi? Na hili la dona kuwa bora kuliko sembe, ni kweli?

JIBU: Nzuri, dada yangu, na pole kwa mahangaiko ya miaka miwili. Tuanze na vipimo, maana hapo hapafai kubahatisha. Presha haiamuliwi kwa kipimo kimoja. Rudi ukapimwe siku nyingine mbili au tatu, ukiwa umekaa na kupumzika dakika 5, na ikiendelea kufika 140/90 au zaidi, daktari ataamua kuhusu dawa. Akikupa, meza. Chakula kinasaidia dawa, hakigombani nayo. Sukari yako ya 6.4 bado si kisukari, kwa sababu kisukari huanzia 7.0 kabla ya kula, lakini imeshavuka kiwango cha kawaida. Umesimama mlangoni, na mtu aliye mlangoni bado anaweza kurudi. Wala hauko peke yako: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kwa Watanzania wa miaka 25 hadi 64 ulikuta takriban mtu 1 kati ya 4 ana presha ya juu, na takriban 9 kati ya 100 wana kisukari.

Sasa nikupe habari ambayo naona hakuna aliyekwambia. Mwaka 2002 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani uliofuatilia watu 3,234 wenye sukari ya mlangoni kama yako, kwa karibu miaka 3. Kundi moja liliombwa mambo mawili tu: kupunguza asilimia 7 ya uzito, na kutembea au kufanya mazoezi ya wastani dakika 150 kwa wiki. Waliopata kisukari katika kundi hilo walikuwa pungufu kwa asilimia 58 wakilinganishwa na waliopewa vidonge visivyo na dawa. Asilimia 7 ya kilo 84 ni kilo 6 kasoro kidogo. Dada, hizo kilo umeshazipunguza mara tatu! Shabaha umeshaifikia. Kilichokushinda ni kubaki pale, na kubaki pale ni ufundi tofauti kabisa na kupungua.

Na ukiacha wanga ghafla, sehemu ya kilo hizo si mafuta. Mwili hutumia akiba yake ya wanga iliyo kwenye ini na misuli, inayoitwa glikojeni, na kila gramu ya akiba hiyo huwa imeshikana na gramu 3 hivi za maji. Ndiyo maana wiki ya kwanza mizani inashuka haraka, na ndiyo maana Jumapili moja ya pilau inarudisha kilo mbili. Wewe unadhani umeshindwa, unakata tamaa, unarudia ulaji wa zamani wote. Ugali haukukukosea kitu. Maji ya ndimu na tangawizi nayo hayana ubaya, kunywa ukipenda, ila kazi ya kusafisha mwili ina wenyewe, ini na figo, na hawajaomba msaidizi.

Naomba basi uache kwanza kujiuliza uache chakula gani. Wewe ni mhasibu. Tufanye hesabu za jiko lako.

Chukua kalamu ya wino mzito. Siku utakapofungua pakiti mpya ya chumvi, andika tarehe juu yake. Fanya hivyo kwa kilo ya sukari na kwa dumu la mafuta, kisha pika kama kawaida yako, usibadilishe kitu. Vikiisha, andika tarehe ya kuisha. Mimi najua njia chache za kufahamu familia inakula nini ambazo ni za kweli kuliko hii. Ukimuuliza mtu anakula chumvi kiasi gani atakujibu "kidogo tu", na hasemi uongo, kwa sababu chumvi haionekani ikishaingia kwenye mchuzi. Pakiti ndiyo shahidi.

Tuanze na chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, kwa vyakula vyote. Watu watano ni gramu 25 kwa siku. Pakiti ya nusu kilo basi isiishe kabla ya siku 20, na ingefaa ipitilize hapo, maana kuna chumvi nyingine inaingia nyumbani kupitia mkate, soseji na viungo vya dukani. Nyumbani kwangu tuko wanne. Mara ya kwanza nilipoandika tarehe, pakiti iliisha siku ya 13. Hiyo ni karibu gramu 10 kwa kila mtu kila siku, maradufu ya kipimo, katika nyumba ya mtu anayefanya kazi hii ya kushauri watu kuhusu chakula kila siku. Tangu hapo sijawahi kumwamini mtu yeyote anayekisia, nikiwemo mimi.

Sukari hivyohivyo. Ushauri ni sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikishuka hadi asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa anayehitaji kilokalori 2,000 kwa siku (kilokalori ni kipimo cha nishati ya chakula) hizo ni gramu 50, au 25 kwa kile kiwango bora. Kwenu watano, kilo moja ya sukari ikiisha kwa siku 4 mko kwenye ukomo kabisa, ikifika siku 8 mko vizuri, na hapo hatujahesabu soda. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kina gramu 4 hivi, lakini hebu tazama mkono wako asubuhi ya kesho: tunachota kijiko chenye kilima, na kilima hicho kinafika gramu 6 au zaidi. Vijiko vitatu vya namna hiyo kwa vikombe vitatu vya chai kwa siku ni zaidi ya gramu 50, na bado hujagusa andazi. Soda nyingi zina karibu gramu 10 za sukari kwa kila mililita 100, kwa hiyo chupa ya mililita 300 ni gramu 30 peke yake. Asali na sukari guru ziweke kwenye hesabu hiyohiyo.

Mafuta ndiyo yanayoficha nishati nyingi kuliko vyote. Kijiko kimoja cha chakula kina kilokalori 120 hivi. Dumu la lita 3 likiisha kwa siku 12 kwenu watano, kila mmoja amekula mililita 50 kwa siku, ambazo ni kilokalori 400 na ushee, ndani ya mchicha na maharage ambayo mmekula mkiamini ni chakula chepesi. Hapa ndipo wengi wanashangaa: wameacha ugali, lakini mboga waliyobaki nayo inaogelea. Kwa nyumba kama yenu napenda kuona lita 3 zinafika siku 20. Kipimo kiwe kijiko, si kumimina kwenye sufuria kwa kukadiria na macho. Na ukiona dumu la mafuta ya alizeti limeandikwa "hayana lehemu" (yaani kolesteroli) usilipie zaidi kwa ajili ya maneno hayo, kwa sababu lehemu inatoka kwa wanyama, na mafuta ya mbegu hayana lehemu ya kuhesabika. Alizeti ni mafuta mazuri kwa moyo. Zeituni pia, lakini huna haja ya kuyanunua.

Niseme zaidi kidogo kuhusu chumvi, na unisamehe kama nitakuwa mrefu, maana jambo hili limenigusa nyumbani kwetu. Marehemu baba yangu alikuwa na presha. Aliambiwa "acha chumvi", na mama yangu, kwa mapenzi yake yote, akaacha kuweka chumvi kwenye chakula cha baba. Kikawa hakina ladha, baba hali. Basi mama akawa anamwekea vile vipande vya mchemraba vya kukoleza mchuzi, viwili kwa sufuria ndogo, ili mzee apate hamu. Karibu nusu ya uzito wa kipande kile huwa ni chumvi. Miaka ilipita hivyo. Baba alipata kiharusi mwaka ambao mimi ndiyo kwanza naanza chuo, na hadi leo naiona ile sahani yake: mchuzi mzuri wa samaki, umepikwa na mtu aliyejitahidi kutii kila alichoambiwa. Hakuna aliyemfundisha kusoma pakiti. Aliambiwa tu aache.

Kwa hiyo jifunze kusoma pakiti, na ni rahisi. Orodha ya viungo hupangwa kwa uzito, kinachotangulia ndicho kingi. Mkate wa rangi ya kahawia ambao kiungo chake cha kwanza ni unga wa ngano wa kawaida, na chini zaidi kwenye orodha kuna rangi ya karameli, ni mkate mweupe uliovaa nguo nyingine. Ukikuta neno "sodiamu", zidisha kwa 2.5 upate chumvi: gramu 2 za sodiamu ndizo gramu 5 za chumvi, posho ya siku nzima. Tena angalia hesabu imeandikwa kwa gramu 100 au kwa "kipimo kimoja cha mlo", kwa sababu kipimo hicho mara nyingi ni kidogo kuliko tunachokula kweli.

Ukishapata tarehe zako, punguza kitu kimoja kwa wakati mmoja, na usitangaze. Chumvi ukiikata nusu kwa siku moja, kopo la chumvi litahamia mezani. Kwangu lilihamia. Niliporudia upya nikawa napunguza kama robo, nakaa wiki tatu, napunguza tena, na hakuna aliyesema neno. Ulimi huzoea ndani ya wiki chache, hata chakula cha zamani kikaonekana kikali. Mahali pa chumvi weka kitunguu saumu, tangawizi, ndimu, pilipili, bizari, giligilani. Wewe ni wa Tanga, sina la kukufundisha kwenye viungo. Sukari vilevile: toka vijiko vitatu nenda viwili na nusu, sawazisha, kaa hapo kwanza.

Usijiwekee siku 21 kama wanavyosema watu. Watafiti wa London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea tabia mpya, wakaona wastani wa siku 66 hadi tabia ianze kwenda yenyewe, wengine 18, wengine inakadiriwa hadi 254. Na kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Harusi ikitokea, kula harusi. Jumatatu endelea na kijiko chako.

Sasa sahani. Shuleni wengi wetu tulifundishwa makundi matatu: vyakula vya kujenga mwili, vya kutia nguvu na vya kulinda mwili. Si vibaya, ila haikutuambia kipimo, ndiyo maana tunapakua mlima wa ugali na kijiko cha mchicha pembeni na bado tunasema makundi yametimia. Igawe sahani kwa macho. Nusu iwe mboga za majani na mboga nyingine, robo iwe maharage, samaki, dagaa, mayai au nyama, robo iliyobaki iwe ugali, wali, ndizi au viazi. Maana yake ukienda sokoni badala ya fungu moja la matembele nunua matatu, kwa sababu yakiiva yananywea. Osha kabla ya kukata, pika kwa muda mfupi. Kisamvu ni habari nyingine, hicho kitwange na ukichemshe vizuri, maana kibichi kina sumu. Mboga zako ukiziunga kwa karanga zilizosagwa, basi usiweke tena mafuta. Maharage loweka usiku, na pika mengi ya siku mbili tatu uyaweke kwenye friji, kwa sababu jioni mtu akirudi amechoka na maharage hayajaiva, ndipo chipsi mayai zinaponunuliwa. Dagaa wa chumvi waloweke na kumwaga maji.

Ujanja mmoja ninaowapa kina mama wote: mezani tanguliza bakuli la mboga na la maharage, ugali uje mwisho. Anayeanza kupakua mboga wakati sahani ni tupu hupakua nyingi, wala hahitaji kuhubiriwa. Hivyo sufuria inabaki moja, mume anakula ugali wake, watoto wanakula, na wewe unakula chakula kilekile kwa mgawanyo wako. Kazini mwambie mama lishe wako, kwa heshima tu, "nipunguzie wali, niongezee maharage na mboga". Wengi wanakubali bila shida, kwa sababu anachokutilia kila siku ni mazoea ya kukuridhisha, si sheria.

Wali wa nazi sitakwambia uache. Mtu anayeambiwa aache chakula cha kwao hujibu ndiyo, kisha anakwenda kukila kwa siri na kwa uchungu. Lakini mafuta ya nazi ni mazito kwa moyo, zaidi ya asilimia 80 yake ni ya aina inayoganda. Kwa hiyo wali wa nazi uwe wa Ijumaa au Jumapili, tumia nazi moja pale ulipokuwa ukitumia mbili, na usikaange kitunguu kwa mafuta mengine kabla ya kutia tui, kwani tui lina mafuta yake ya kutosha. Siku nyingine uwe wali wa kawaida.

Kuhusu dona: ndiyo, ni bora, lakini kuna jambo usipolijua linaweza kukudhuru. Sembe imekobolewa, pumba na kiini vimeondoka, na pamoja navyo zimeondoka nyuzinyuzi, vitamini nyingi za kundi B, madini ya chuma na zinki. Sembe iliyoongezwa virutubishi hurudishiwa baadhi ya vitamini na madini, ila nyuzinyuzi hazirudi, na ndizo zinazokushibisha na kupunguza kasi ya sukari kupanda. Sasa, mahindi yasiyokaushwa vizuri huota ukungu wenye sumukuvu, na sumu hiyo hukaa zaidi kwenye pumba na kiini, sehemu ambazo dona inazibakiza. Mwaka 2016 watu waliugua na wengine wakafariki kwa sumukuvu huko Dodoma na Manyara. Kupika hakuiondoi. Kwa hiyo usinunue dona ya bei rahisi usiyoijua ilikotoka. Nunua mahindi makavu, chambua punje zilizovunjika, zilizosinyaa na zilizobadilika rangi, kisha saga ya wiki mbili tu, maana mafuta ya kiini huchacha upesi. Kama muda huo huna, sembe nzuri kwa robo ya sahani na maharage ya kutosha itakufaa kuliko dona yenye ukungu. Na dona nayo ina kipimo, nishati yake inakaribiana na ya sembe.

Wale wanaokuuzia chia wanakufanya uamini afya inatoka mbali. Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa Kilimanjaro kwa wanaume 77. Wa vijijini waliokula vyakula vya kienyeji walihamishiwa kwa wiki 2 kwenye vyakula vya kisasa kama soseji, mkate mweupe na chipsi, na wa mjini wakahamishiwa kwenye vyakula vya kienyeji: ndizi, kunde, mboga za majani, ulezi. Kwa wiki hizo mbili tu, damu ya wa kwanza ilionyesha dalili za uvimbe wa ndani (si jipu wala saratani, bali mwili kujihami kama vile umejeruhiwa) kuongezeka, na ya wa pili zikapungua, na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yapo wiki 4 baadaye. Mbegu za maboga, ufuta, kunde, mbaazi, choroko, mlenda, mnafu, vyote viko sokoni kwenu. Parachichi nalo ni zuri, likiwa kwenye msimu. Nusu moja inatosha.

Kutembea: shuka kituo kimoja kabla, dakika 30 kwa siku 5 za wiki, basi.

Fanya hivi. Mwezi huu andika tarehe, na kilo ya sukari ikishaisha upunguze sukari ya chai, hakuna kingine. Mwezi wa pili chumvi na sahani. Mafuta mwezi wa tatu. Jipime uzito mara moja kwa wiki, asubuhi, siku ileile, na nusu kilo kwa mwezi usiidharau. Sukari ya damu ikapimwe tena baada ya miezi mitatu. Ukirudi kuniandikia, usinitumie picha ya sahani. Nitumie siku ambazo pakiti ya chumvi, kilo ya sukari na dumu la mafuta vilidumu, pamoja na vipimo vitatu vya presha. Hapo tutaangalia pa kuendelea.